Jab: mwongozo kamili wa kitenzi cha Kiingereza kinachodunga, kinachochanja na kinachopiga vijembe

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa hadithi ya mapenzi ya Kiingereza niitafsiri. Msichana na mchumba wake wako sinema, mvulana anacheka mahali ambapo wenzake wote wananyamaza. Kiingereza kinasema: "She jabbed him in the ribs." Ilikuwa saa sita usiku na mimi nina haraka ya kulala, nikaandika: "Akamchoma mbavuni." Sentensi mbili mbele, wapenzi wale wanatoka nje na kununua aiskrimu.

Asubuhi mhariri akanipigia. "Kaka, huyu kijana kachomwa mbavuni halafu anakula aiskrimu? Damu iko wapi?"

Kosa langu lilikuwa kutafuta neno moja la Kiswahili la kumwekea "jab". Neno hilo hakuna. Yapo maneno kama kumi, kila moja na mahali pake, na ujuzi wote uko katika kujua lipi liitwe lini. Mwongozo huu ni kwa anayesoma Kiingereza, anayekifundisha, na zaidi kwa anayetafsiri habari au filamu na hana mhariri wa kumpigia simu asubuhi.

Hatua ya kwanza: tazama kinachotokea

Mwagia kuku mchele kidogo, umtazame. Shingo inakwenda mbele ghafla, mdomo unagonga, shingo inarudi. Ni mwendo mfupi, ulionyooka, unaoishia kwenye ncha. Huo ndio mwendo wa "jab", na huyo kuku sijamleta kwa bahati. "Jab" ni namna ya Waskoti ya kutamka kitenzi cha zamani, "job", ambacho katika Kiingereza cha kale kidogo kiliandikwa "jobben" na kilikuwa na maana ya kudunga, kusukuma kwa ncha na hata kudonoa. Umbo la "jab" lilianza kuonekana kwenye maandishi katika karne ya 19. Hiyo "job" usiisome kama ya ajira.

Kwa hiyo kitendo kikiitwa "jab" kuna mambo matatu ndani yake. Kuna ncha, au kitu kinachofanya kazi ya ncha: kidole, kiwiko, kalamu, uma, sindano, mwavuli, kijiti. Kuna ghafla. Na kuna nguvu iliyozidi kugusa, ingawa haifikii kupiga kwa kuumiza.

Jambo la nne halimo, na hapo ndipo tunapoteleza: "jab" haisemi kama kitu kimepenya. Sindano ikiingia kwenye msuli ni "jab". Kiwiko kikigonga ubavu na kurudi ni "jab". Kidole kikitikiswa hewani mbele ya uso wa mtu, bila kumgusa hata unywele, nacho ni "jab" ilimradi kimefuatwa na "at". Mwingereza anaangalia mwendo wa mkono tu. Sisi tunaangalia kilichoshikwa na kilichompata mtu. Ukisema umechomwa, umedungwa au umetobolewa, anayekusikiliza anaangalia jeraha liko wapi. Kama hakuna kilichopenya, tunakitaja kitu chenyewe: amenipiga kiwiko, amenitia kidole, amenigonga na ncha ya mwavuli.

Hatua ya pili: litamke vizuri, liandike vizuri

Irabu yake iko katikati ya "a" yetu na "e" yetu. Anza kusema "ja" ya jana, kisha vuta midomo pembeni kidogo kama unayetaka kwenda kwenye "je". Ukifika kwenye "b", funga midomo na uishie hapo. Ulimi wa Mswahili haupendi neno liishie kwenye konsonanti, utataka kuongeza "u" na kusema "jabu". Uzuie.

Hapa kuna mtego wa masikio ambao vitabu vingi vya shule havikuutaja kwa sababu vilifuata matamshi ya Uingereza. Mwingereza akisema "job" midomo yake inaviringika, na sikio letu linasikia "o". Mmarekani haviringishi. "Job" yake inatoka karibu kabisa na "jab" kama tungeisoma sisi kwa Kiswahili. Ndiyo maana ukitazama filamu ya Marekani unasikia "gud jab". Basi sentensi "I need a job" na "I need a jab" zinaweza kukuchanganya, na dawa yake ni kusikiliza ile "a" iliyovutwa pembeni. Ikiwepo, mtu anataka sindano. Isipokuwepo, anataka kazi.

Maumbo yake ni rahisi: jab, jabs, jabbed, jabbing. "B" inarudiwa mara mbili kwa sababu neno ni la silabi moja, lina irabu fupi na konsonanti moja mwishoni. Ukiandika "jabed", msomaji atalitamka kama "jeibd". Na "jabbed" yenyewe ni silabi moja, "d" inabandikwa nyuma ya "b" bila kuweka irabu katikati. Wanafunzi wangu wengi husema "jabidi" mwezi wa kwanza wote, na siwalaumu.

Dokezo dogo kwa wasomaji wa Kenya: "jaba" ya miraa haihusiani kabisa na neno hili. Wala "jab jab" ya kanivali ya Grenada, ambayo asili yake ni neno la Kifaransa la shetani.

Hatua ya tatu: panda daladala

Njia rahisi ya kulifahamu neno hili ni kusimama kwenye daladala iliyojaa saa moja asubuhi. Ndani ya dakika ishirini utapata mifano yote ya mwili.

Mbele yako kuna mama ameshika mwavuli kwapani, ncha inatazama nyuma. Kila gari likifunga breki, ncha inakufikia kwenye paja. Kiingereza: "The tip of her umbrella kept jabbing me in the thigh." Angalia mtendaji ni nani. Ni ncha ya mwavuli, mama wa watu hana habari. "Jab" haidai kusudi. Kwa Kiswahili ningesema: "Ncha ya mwavuli wake ikawa inanichomachoma pajani."

Sasa utauliza: si tulisema kuchoma kunaacha jeraha? Kuchoma, ndiyo. Kuchomachoma ni habari nyingine. Kitenzi cha Kiswahili kikirudiwa, mara nyingi kinapata mambo mawili kwa pamoja: kitendo kinatokea mara nyingi, na kila mara kinapungua nguvu. Chumba kilichofagiliwafagiliwa hakijafagiliwa sawasawa. Vivyo hivyo mtu anayechomwachomwa na mwavuli anakereka tu, hatoki damu. Kwa "jab" inayorudiarudia, kuchomachoma, kudungadunga na kubofyabofya ni hazina, na ajabu ni kwamba watafsiri wengi huziona za mtaani mno wakaziacha.

Konda anageuka. Anasema "Sogeeni nyuma, nyuma kuna nafasi!" huku kidole chake kikipiga hewa kuelekea kiti cha mwisho. "The conductor jabbed his finger towards the back." Hapa kudunga hakufai hata kwa mbali. Anasonta kidole, au ananyoosha kidole kwa ukali. Neno la ukali ni lazima uliongeze wewe, kwa sababu kunyoosha kidole peke yake ni kuonyesha tu, na "jab" ina hasira ndani yake.

Halafu jamaa aliye kushoto kwako anataka kushuka na wewe umeziba mlango. Anakupa kiwiko. "He jabbed me in the ribs with his elbow." Kiswahili kina muundo mtamu sana kwa mapigo ya aina hii, ule wa kofi la uso, ngumi ya tumbo, teke la mgongo: "Akanipiga kiwiko cha ubavu." Kifupi, kina ghafla, kina maumivu kiasi, na hakuna anayeuliza damu iko wapi. Ndivyo nilivyomrudishia mhariri sentensi yangu ya sinema, ila pale nililegeza kidogo, "akamtia kiwiko cha ubavu", kwa vile wale walikuwa wanapendana.

Kabla ya kutafsiri "jab" yoyote, basi, jiulize: kilichotumika ni nini, kimepenya au kimeishia juu, ni mara moja au mara nyingi, na mwenye mkono alikuwa na hisia gani. Ukishajibu, neno linakuja lenyewe.

Hatua ya nne: shika miundo ya sentensi

Miundo mikuu ni mitatu na kila mmoja unaweka kitu tofauti mbele.

Muundo wa kwanza unaweka mtu, kisha sehemu ya mwili: "She jabbed me in the arm." Hapo ni "the arm", si "my arm". Hili linawasumbua wanafunzi wa lugha nyingine kuliko sisi, maana Kiswahili kinafanya vilevile. Hatusemi "alipiga kichwa changu", tunasema "alinipiga kichwani". Mtu ndiye yambwa, yaani anayetendwa, mahali pa mwili ni mahali tu. Ukikumbuka hilo hutakosea "the". Kihusishi nacho ni "in", hata kama kilichofanyika kimeishia juu ya ngozi.

Muundo wa pili unaweka kitu kilichotumika kuwa yambwa: "He jabbed the fork into the potato." "She jabbed a finger at the map." Ukiona "into", kitu kimeingia, na hapa una ruhusa kamili ya kusema amedunga au amechoma: "Akakichoma kiazi kwa uma." Ukiona "at", kitu kimeelekezwa tu. Anayeonyesha mji kwenye ramani kwa kuigongagonga kwa kidole yuko kwenye "at".

Muundo wa tatu hauna yambwa kabisa: "He jabbed at the lift button." Huu ndio unaopotea zaidi katika tafsiri. "He jabbed the button" maana yake alikibonyeza na kikabonyezeka. "He jabbed at the button" ina pupa, hasira au mkono unaotetemeka, na huenda hakukipata sawasawa. Mfikirie mtu aliyechelewa kazini, lifti imeganda ghorofa ya saba, naye anakishambulia kitufe kwa kidole. Kiswahili hakina kihusishi cha kufanya kazi hiyo, kwa hiyo tunaifanya kwa maneno: "akawa anakibonyezabonyeza kitufe kwa pupa".

Kuhusu nyakati, kuna jambo moja la kulishika. Kwa kuwa "jab" moja huisha kabla hujapepesa macho, ukiiweka kwenye hali ya kuendelea inageuka kuwa nyingi. "He was jabbing the screen with his thumb" haimaanishi kidole gumba kilikuwa njiani kuelekea kwenye kioo cha simu. Kimegusa mara sita, saba. Hapo tena urudufu wetu, yaani kule kurudia kitenzi, unaingia: alikuwa anabofyabofya.

Hatua ya tano: sindano, na hapa nenda polepole

Nchini Uingereza, mtu wa kawaida akisema "I've had my jab" anazungumzia sindano, na mara nyingi sindano ya chanjo. Ni neno la mazungumzo, la mama anayempeleka mtoto kliniki. Waskoti wao husema "jag". Wamarekani husema "shot". Tarehe 8 Desemba 2020, Margaret Keenan, bibi wa miaka 90, alipochomwa sindano ya Pfizer-BioNTech katika hospitali moja ya Coventry na kuwa mtu wa kwanza duniani kupata chanjo hiyo nje ya majaribio, magazeti ya Uingereza yalijaa "jab". Sababu mojawapo ni ya kiwandani tu: kichwa cha habari kina nafasi finyu, "vaccination" ina herufi 11, "jab" ina 3.

Kisha neno likasafiri. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam nayo yakalitumia, na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walikutana nalo kwa mara ya kwanza mwaka 2021, mwaka ambao Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza mwezi Machi, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Ndipo yakaja "get jabbed", kuchanjwa, na "double-jabbed", mtu aliyekamilisha dozi mbili. Kwa upande wa Marekani neno lilichukua harufu nyingine: baadhi ya waliokuwa wakiipinga chanjo walipenda kuiita "the jab" kwa kebehi. Kwa hiyo angalia anayesema ni nani. Nesi wa Leeds na mwanasiasa wa Texas wanaweza kutamka neno lilelile wakiwa na nia zinazopishana.

Kwa Kiswahili, mpaka wa nchi unahesabika. Tanzania tunachomwa sindano. Kenya wanadungwa sindano. Ukimwambia Mkenya kijana kwamba "umemchoma", anaweza kufikiri umemwaibisha mbele za watu, kwani Sheng wanasema kuchoma picha. Ukiwaandikia wote, "kupigwa sindano" inapita kila mahali bila mzozo, na kama ni chanjo basi kuchanjwa kunatosha.

Neno kuchanja lenyewe nitalisimamia kidogo kwa sababu nalipenda. Kuchanja ni kupasua: tunachanja kuni, na mganga huchanja chale kwa wembe kisha akapaka dawa kwenye mikato. Dawa ya kinga dhidi ya ndui ilipoletwa, nayo iliingizwa kwa kukwaruza au kutoboa ngozi ya juu, watu wakaona ni jamaa ya chale, wakaiita jina hilo. Baadaye, katika kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya kuutokomeza ugonjwa huo, ilitumika sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo, na mchanjaji aliigonga ngozi haraka haraka, hadi mara 15, kwenye eneo dogo la mkono. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Ukitaka kuona "jab" halisi, ile ya kuku anayedonoa, basi ni huo mkono wa mchanjaji wa ndui. Kiingereza kiliona mwendo wa sindano ukienda na kurudi, Kiswahili kikaona kilichobaki kwenye ngozi.

Sasa mtego. Miaka ya karibuni magazeti ya Uingereza yameandika sana juu ya "weight-loss jabs", na mengine kwa mzaha "skinny jabs". Hizi ni dawa kama Wegovy na Mounjaro, ambazo mtu hujidunga mwenyewe mara moja kwa wiki. Nimekwisha kukutana na tafsiri zinazoziita "chanjo za kupunguza uzito". Chanjo inaufundisha mwili kujikinga na maradhi. Hizi zinapunguza hamu ya kula na hazimkingi mtu na maambukizi yoyote. Ni sindano za kupunguza uzito, basi. Kabla hujaandika chanjo, tazama kilichomo ndani ya bomba.

Na kama unaandika Kiingereza rasmi, barua ya hospitali au ripoti ya wizara, acha "jab" nyumbani. Tumia "vaccinate" au "inject".

Hatua ya sita: ulingoni

Kwenye masumbwi "jab" ina maana iliyobanwa vizuri: ngumi iliyonyooka inayotoka kwenye mkono ulio mbele. Bondia anayesimama kwa mtindo wa kawaida ametanguliza mguu na mkono wa kushoto, kwa hiyo "jab" yake ni ya kushoto. Mwenye kutumia kushoto kama mkono wa nguvu hutanguliza kulia, na "jab" yake ni ya kulia. Haikusudiwi kuangusha mtu. Inapima umbali, inamkera mpinzani, inamfunga macho, inafungua njia kwa konde zito la mkono wa nyuma. Ndiyo maana makocha husema "work behind the jab", yaani kila unachofanya kitangulizwe na ngumi hiyo.

Mfano mzuri wa kuonyesha mpaka wa neno ni pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali alijulikana kwa "jab" ya kushoto yenye kasi kama ya nyoka. Raundi ya kwanza alimshangaza George Foreman kwa kumpiga mara kwa mara na mkono wa kulia bila kutanguliza kushoto. Ngumi zile zilinyooka, zilikuwa za haraka, zilitua usoni, lakini hakuna mtangazaji wa Kiingereza anayejua kazi yake angeziita "jabs", kwa sababu zilitoka mkono wa nyuma. Foreman alianguka raundi ya nane.

Kitenzi hapa mara nyingi hakina yambwa: "Keep jabbing", "jab and move". Kwa Kiswahili cha matangazo, "ngumi ya mkono wa mbele" inaeleweka hata kwa asiyefuatilia ndondi. "Anamdonoa" nimeisikia kwa shabiki mmoja kibandani, wakati bondia mrefu anamchosha mfupi kwa mbali, na tangu siku hiyo naitumia.

Hatua ya saba: ulimi wenye ncha

"Jab" ya maneno ndiyo pekee ambayo Kiswahili kinaipokea kwa neno moja bila kuhangaika: kijembe. Hata umbo lake linaafikiana. Kijembe ni wembe mdogo, kisu kidogo, na anayepiga kijembe anakata kidogo na kuondoka. Mheshimiwa anahutubia kuhusu barabara, katikati anatupia kwamba "wengine walikuwa wanazijenga mdomoni", kisha anaendelea na lami yake kama hakusema kitu. Kiingereza kitaandika: "He took a jab at his rivals."

Angalia kwamba hapa nomino ndiyo inayopendwa. "Take a jab at", "a jab at", "a thinly veiled jab". Kitenzi peke yake, "he jabbed his rivals", kitamfanya msomaji afikirie vidole kabla ya maneno.

Usiipanue "jab" hadi ikawa mipasho. Mipasho ya taarabu inakaa jukwaani usiku kucha, ina kiitikio, ina mlengwa anayejulikana na mtaa mzima, na watu wanatoka kwenye viti kwenda kumtuza mwimbaji huku wakimtazama mlengwa kwa pembe ya jicho. "Jab" ni sentensi moja. Kadhalika matusi si "jab": ncha lazima iwe nyembamba kiasi cha mtu kuweza kukana kwamba alimkusudia yeyote.

Hatua ya nane: majirani zake, kwa haraka

"Poke" ni mlegevu zaidi, unaweza kumfanyia mtoto shavuni kwa mapenzi. "Nudge" ni kumgusa mtu kwa kiwiko taratibu ili atazame kitu, hakuna maumivu. "Prod" inasukuma ili kitu kitembee, kama fimbo ya mchungaji, na kwa mafumbo ni kumchochea mtu afanye jambo. "Prick" ni ncha ndogo na tundu dogo, mwiba au pini, na kama nomino inaweza kuwa tusi, kwa hiyo itumie ukiwa na uhakika. "Dig in the ribs" karibu ni sawa na kiwiko chetu cha ubavu. "Stab" ndiyo ya kisu na polisi. Kama mtu amejeruhiwa, Kiingereza kitasema "stabbed". Ukiandika "jabbed with a knife", msomaji ataona mtu aliyetishiwa au kuguswa na ncha, na mwenye jeraha atakuwa na haki ya kulalamika. Nilivyoandika mimi usiku ule ni kinyume cha kosa hilohilo.

Hatua ya tisa: jaribu mwenyewe

Ziba majibu kwa mkono, tafsiri kwanza, kisha linganisha. Yangu si ya mwisho.

"Stop jabbing me with that pen!" Kila aliyekaa dawati moja na mwenzake darasa la nne anaijua: "Acha kunichomachoma na hiyo kalamu!" Au, kama uvumilivu umeisha, "Wee, utanitoboa!"

"The old man jabbed at the fire with a stick." Mzee hajaudunga moto. Anauchokonoa: "Mzee akawa anauchokonoa moto kwa kijiti." Kuchokonoa ni neno zuri kwa "jab at" yoyote inayochimbachimba, iwe ni makaa, shimo la mchwa au sikio.

"Pharmacies are running out of weight-loss jabs." "Sindano za kupunguza uzito zinaadimika kwenye maduka ya dawa." Ukiandika chanjo, rudi hatua ya tano.

"The minister could not resist a jab at her predecessor." "Waziri alishindwa kujizuia, akampiga kijembe mtangulizi wake."

"He jabbed his finger at the contract and said nothing." Hapa mwanafunzi wangu mmoja aliniletea "alisonta mkataba", mwingine "aligonga mkataba kwa kidole". Ya pili ina sauti ya kidole juu ya karatasi, na kwenye chumba chenye ukimya sauti hiyo inafaa. Ingawa "at" haituhakikishii kwamba kidole kiligusa, mtu asiyesema kitu anahitaji kitu kiseme kwa niaba yake. Ningechukua ya pili.

"She felt a jab of pain in her side." Wengi huandika "alihisi maumivu makali ya ghafla ubavuni", sahihi lakini ndefu. Kiswahili kinalo neno lililotokana na kuchoma: "Alihisi kichomi ubavuni." Angalia tu muktadha, maana kwa watu wengi kichomi ni jina la ugonjwa kamili wa kifua, na kama huyo dada alikuwa anakimbia tu kuwahi basi, msomaji wako anaweza kumlaza hospitali. Hapo andika "ubavu ukamchoma ghafla", umwache aendelee kukimbia.